Baba amepotewa na maneno, na mbwa wake hamwelewi tena

SWALI

Shikamoo mama,

Mimi ni binti wa miaka 31, ninaishi Marangu na baba yangu mzazi. Mama tulimzika miaka sita iliyopita. Mwezi wa tatu mwaka huu baba alipata kiharusi. Tunamshukuru Mungu yuko hai na ametoka kitandani. Anatembea kwa mkongojo, lakini mkono wa kulia hauna nguvu na maneno yamempotea. Tukiongea anatuelewa vizuri. Yeye akitaka kusema, kinachotoka ni "ee" na "haya" tu. Cha ajabu, kuimba anaimba. Amefundisha kwaya ya usharika wetu zaidi ya miaka 20, na hata leo ukimwanzishia wimbo wa zamani anaupokea na kumaliza ubeti mzima na maneno yake. Ukimuuliza hapohapo kama atakunywa chai au uji, anakwama.

Ninachokuandikia ni habari ya mbwa wake. Anaitwa Chui, ni wa kienyeji, ana miaka minne. Baba alimleta akiwa mdogo ndani ya kapu, akamlea mwenyewe. Mchana anakaa bandani, usiku anafunguliwa alinde. Zamani baba akisema "Keti" kwa ile sauti yake ya besi, Chui anaketi palepale hata kama ana mfupa mdomoni. Akisema "Njoo", anakuja mbio kutoka mwisho wa migomba. Sasa baba anamwita "ee, ee!", Chui anageuka, anamtazama, anasubiri, halafu anajiondokea. Akimfurahia anamrukia kifuani, na mara mbili ilibaki kidogo amwangushe.

Wiki mbili zilizopita dada anayekuja kumfanyisha baba mazoezi ya viungo alifungua geti kabla sijamfungia Chui. Chui alimrukia, akamchania sketi na kumkwaruza mguu. Baba alikuwa barazani anapiga meza kwa mkono wa kushoto, anaita "ee, ee", na Chui wala hakugeuka. Dada wa mazoezi alilia. Baba naye alilia, na sikuwahi kumwona baba akilia mbele za watu, hata kwenye msiba wa mama.

Kijana mmoja hapa kwetu anayejisifu kujua mbwa aliniambia nimnyime chakula siku mbili, kisha nimfundishe kwa fimbo, atanyooka. Chakula sikumnyima, ila fimbo niliitumia, mara mbili, kwa hasira. Tangu hapo nikiinua mkono tu anajilaza chini na kujikojolea. Najuta sana. Kaka yangu aliyeko Dar anasema mbwa atolewe au apigwe sindano, maana mgonjwa na mbwa wa namna hiyo hawakai nyumba moja. Jirani anasema mbwa hufundishika kwa ishara za mkono na vipande vya nyama bila mtu kufungua mdomo. Ni kweli? Mbwa wa miaka minne, tena wa kienyeji, ataweza? Na baba kwa mkono mmoja ataweza?

Binti wa Mwalimu, Marangu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuuguza, na umfikishie mzee salamu zangu.

Naanza na ule mkwaruzo, maana hauwezi kusubiri. Ngozi ikichubuka, iwe kwa jino au kwa ukucha wa mbwa, jeraha huoshwa kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu anakwenda hospitali siku hiyohiyo aelezwe kama anahitaji sindano za kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili hauna tiba, ndiyo sababu hatuuchezei. Kwamba Chui bado ni mzima baada ya wiki mbili ni jambo la kutia moyo, lakini mwambie dada aende akaulize hata hivyo. Uamuzi huo ni wa daktari, si wangu wala wako. Nawe tafuta kadi ya Chui uangalie chanjo ya mwisho ilikuwa lini. Kama mwaka umepita, au kadi yenyewe haionekani, mwite bwana mifugo wiki hii hii.

Sasa tuje kwa Chui mwenyewe. Unaweza kumdhania mbwa asiyesikia, lakini soma tena ulichoandika: anageuka, anamtazama baba yako, anasubiri, ndipo anaondoka. Huyo ni mbwa anayemsikia mwenye nyumba na kukaa tayari kuambiwa. Anasubiri neno analolijua, na neno haliji. Miaka minne amejifunza milio miwili mitatu kutoka koo moja, na siku moja koo lile likanyamaza. Hakuna aliyemweleza kilichotokea. Mlipomrudisha mzee kutoka hospitali akawa na harufu ya dawa, mwendo mpya na mkongojo mkononi. Ukiyaweka hayo pamoja utaona Chui naye amechanganyikiwa tangu mwezi wa tatu, kama ninyi nyote.

Kuhusu ishara za mkono, jirani yako amesema kweli, na nitakuonyesha kwamba Chui tayari anazijua. Nenda barabarani jioni, mwone mbwa yeyote anayepita, kisha uiname kana kwamba unaokota kitu. Huna jiwe, hujasema neno, na mbwa huyo ameshakimbia mkia ukiwa katikati ya miguu. Amesoma mkono wako. Mbwa wetu wote wamesomeshwa lugha ya mikono tangu wakiwa watoto, tatizo ni kwamba tumewafundisha neno moja tu, jiwe. Wewe ukaongeza la pili, fimbo. Ndiyo maana akiona kiganja kimepanda anajilaza na kujikojolea. Mkojo ule si dharau wala ukaidi. Ndivyo mbwa anavyosema "nimeshindwa, usinipige". Sikulaumu zaidi ya ulivyokwisha kujilaumu. Nalisema kwa sababu ndipo kazi yetu inapoanzia. Kabla mkono wowote nyumbani kwenu haujamwagiza Chui kitu, lazima kwanza umlishe.

Na umri wake usikutishe, wala ukienyeji wake. Huko India, watafiti waliwajaribu mbwa wa mitaani wasio na mwenyewe na wasiowahi kufundishwa na mtu. Mgeni anaonyesha kwa mkono bakuli moja kati ya mawili, na wengi wa waliothubutu kusogea walikwenda kwenye bakuli lililoonyeshwa. Wenye hofu hawakusogea kabisa. Hapo kuna somo kwako: kilichowazuia wengine kilikuwa woga. Kule Naples, Italia, wengine waliwapa mbwa waliofunzwa amri mbili zinazopingana kwa wakati mmoja, mdomo unasema hili, mkono unaonyesha lile. Mara nyingi mbwa walifuata mkono. Kwa hiyo baba yako hapewi njia ya pili kwa ubora. Anaanza na ile ambayo mbwa wenyewe wanaielewa upesi zaidi.

Yule kijana wa njaa na fimbo nampinga kabisa. Mfano wa kumjibu tunao hapahapa Tanzania. Morogoro, kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye pia kutambua kifua kikuu kwenye makohozi. Panya huyo anasikia mlio mdogo wa "ta", anajua amepatia, anapewa kipande cha ndizi au chakula chake kingine. Basi. Mmoja wao aliyezaliwa Tanzania, Magawa, alifanya kazi nzito ya kunusa mabomu Kambodia na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama. Kama panya anafundishwa kazi ambayo kosa lake ni kifo cha mtu, na anafundishwa bila kuguswa na fimbo, sisi tuna sababu gani ya kumpiga mbwa ili aketi?

Sasa kitu kilichonifurahisha kwenye barua yako, na nadhani wewe umekiandika bila kukifikiria: baba yako ni mwalimu wa kwaya. Mwanangu, mtu huyo amewaongoza watu kwa mkono zaidi ya miaka 20! Kiganja kikipanda taratibu, sauti zinapanda. Kiganja kikishuka, wanashusha. Ngumi ikifungwa, watu wote wananyamaza kwa pumzi moja. Mkono wa kulia ndio unaopiga mapigo, lakini huo wa kushoto ndio uliokuwa ukiwaambia sauti ya kwanza sasa ingieni, besi tulieni. Ishara za Chui usizitafute kokote, zichukue kwenye mkono huo. Keti na baba jioni, mwombe aongoze wimbo mmoja kwa mkono wa kushoto, na wewe utazame. Ishara zinazomjia bila kufikiri ndizo zitakazokuwa amri.

Mimi nimezifikiria hivi, mzee atasahihisha. Kiganja kinachotazama juu kikipanda kutoka gotini hadi tumboni: keti. Kiganja kinachotazama chini kikishuka: lala. Kiganja wazi kikimwelekea mbwa, kama cha trafiki: tulia hapo. Ngumi iliyofungwa: acha. Mkono ukirudi kifuani: njoo. Zote zifanyike chini ya bega. Usimruhusu mtu yeyote kuinua mkono juu ya bega lake mbele ya Chui kwa miezi kadhaa ijayo, na wewe ndiwe wa kwanza. Ya sita ni dole gumba likisimama, na hiyo ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa inafanya kazi ya ule mlio wa "ta" wa Morogoro. Maana yake: hapo hapo, umepatia, kipande kinakuja. Baba hawezi kusema "vizuri", dole litamsemea.

Vipande. Nenda buchani uombe mapafu ya ng'ombe, ni bei rahisi na mbwa huyapenda. Yachemshe bila chumvi, bila kitunguu, yakipoa uyakate vipande vidogo kama punje ya hindi, kisha uyaanike karibu na moto yakauke juu yasichafue mfuko wa mzee. Dagaa wakavu nao ni wazuri, mmoja mmoja, ila waoshe chumvi. Vipande 20 vinatosha kwa mara moja. Usidhani kipande kikubwa kinafundisha zaidi. Mbwa anahesabu mara ngapi amepata, na kipande kikubwa kinamfanya asimame kutafuna mnapotaka aendelee. Vitunguu, zabibu na chokoleti usimpe kabisa, ni sumu kwa mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hapana, hupasuka vipande vyenye ncha. Fundisheni kabla ya chakula chake cha jioni, na ugali wake mpunguze kidogo asinenepe. Mbwa aliyeshindishwa na njaa siku mbili hajifunzi kitu, anafikiria tumbo tu, na siku moja ataunyakua mkono pamoja na nyama.

Siku tano za kwanza msimwagize chochote. Mzee akae barazani kwenye kiti chenye mgongo na mikono, miguu yote imekanyaga chini, bakuli la vipande mapajani. Chui awe kwenye kamba ndefu umeishika wewe, ili asimrukie. Baba anyooshe mkono wa kushoto chini, kiganja wazi, usawa wa kidevu cha mbwa, kipande kimelala katikati ya kiganja. Msimwite, msimvute. Anyamaze tu na mkono wake pale. Mtazame Chui: akilamba midomo bila kula, akipiga miayo, akilaza masikio nyuma, huo ni woga, msubirini. Akija na kuchukua, dole gumba, kipande kingine. Dakika tatu, mmemaliza. Kesho tena, na siku inayofuata dole litangulie na kipande kifuate mara moja, hadi utakapoona baba akisimamisha dole tu, Chui anautazama mkono na mkia unatikisika. Hapo mkono umepata maana mpya.

Wewe fanya vilevile kwa wakati wako, asubuhi. Chuchumaa pembeni yake, usimkabili uso kwa uso, mkono wako uwe chini. Kwako itachukua muda mrefu zaidi kuliko kwa baba, na usikate tamaa. Hakukusahau, ila anahitaji kuona mara nyingi kwamba mkono ule umeacha fimbo.

Kisha amri. Hapa kuna jambo dogo ambalo watu wengi hulikosea, wakahangaika miezi. Umesema Chui alikuwa anaelewa "Keti" ya baba. Mjaribu kwa sauti yako, sauti ya chini, ya upole. Huenda analielewa neno hata kwako. Kama analielewa, simama nyuma ya kiti cha mzee. Baba atangulie kutoa ishara. Wewe hesabu moja kimoyomoyo, ndipo useme "Keti". Chui akiketi, baba dole, baba kipande. Mpangilio huo usiugeuze: mkono kwanza, neno baadaye. Mkisema na kuonyesha kwa wakati mmoja atashika neno analolijua tangu zamani na mkono ataupuuza. Neno likitangulia, ndiyo kabisa, mkono hautakuwa na kazi. Lakini mkono ukitangulia, baada ya mara 20, 30, siku moja utakuwa umefungua mdomo kusema "Keti" na utamkuta Chui ameshaketi. Ameona mkono, amejua neno linafuata, amekuwahi. Siku hiyo funga mdomo wako, mwanangu, na usilitumie tena neno hilo mbele ya baba. Mwachie mzee mbwa wake.

Kama sauti yako haimwambii kitu, tumieni kipande kumwongoza. Baba ashike kipande kwa vidole, akisogeze puani pa Chui, kisha akipandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa. Pua ikifuata juu, makalio yanashuka yenyewe. Yakigusa chini tu, dole na kipande. Mara tatu nne hivyo, halafu mkono ufanye mwendo uleule ukiwa mtupu na kipande kitoke bakulini. Msichelewe kuuacha mkono mtupu, la sivyo atatii nyama na mkono hatauona. Kulala ni vilevile, kipande kinashuka kutoka puani hadi sakafuni kati ya miguu ya mbele.

"Acha" ndiyo itakayowafurahisha. Baba afunge ngumi ikiwa na kipande ndani, aiweke wazi mbele ya Chui. Chui atanusa, atalamba, atakwaruza kidogo kwa mguu. Ngumi isifunguke. Muda utafika atachoka na kurudisha kichwa nyuma, hata kama ni nusu ya sekunde. Hapohapo kiganja kinafunguka na kipande ni chake. Mara ya tano utaona anarudi nyuma mwenyewe anapoiona ngumi tu. Kwa kweli ni ileile ngumi iliyokuwa ikinyamazisha kwaya. Ila kama ngozi ya mkono wa mzee ni nyepesi au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, ngumi hii uifanye wewe kwanza ukiwa umevaa glavu au soksi nene, baba aingie Chui akishajua kutotumia kucha.

Kumrukia kifuani kutaondoka kwa "keti" hiyohiyo. Mbwa hawezi kuketi na kuruka kwa pamoja. Kila anapomkaribia baba akiwa amesimama, wewe uko karibu na kamba, ishara ya keti inatangulia, akiketi anasalimiwa na kupewa. Akiruka, mkono unarudi, uso unageuzwa pembeni, hakuna aliyemwona. Mpaka awe na mwezi mzima bila kuruka, asifike kwa mzee aliyesimama bila kamba. Nyonga ikivunjika kwa mtu wa kiharusi ni habari nyingine kabisa.

Kuna mahali mkono unashindwa, nako ni kumwita akiwa hatazami, au usiku akiwa migombani. Kwa hilo tunahitaji mlio, na mlio baba anao. Umesema anaimba. Kiharusi kinachochukua maneno na kulegeza mkono wa kulia kwa kawaida kimepiga upande wa kushoto wa ubongo, na wagonjwa wengi wa namna hiyo hubaki na nyimbo zao. Wataalamu wa usemi hata huzitumia kuwarudishia maneno. Mwombe baba achague noti mbili, "so, mi", aziimbe vilevile kila mara. Mkiwa barazani: so, mi, na kipande. So, mi, na kipande. Chui hajui tofauti ya neno na noti, kwake yote ni milio ya baba. Baada ya wiki moja Chui awe umbali wa hatua tano, kisha kumi, kisha baba barazani na Chui mwisho wa ua. Siku ambazo pumzi ya mzee ni ndogo, kengele ndogo ya mkononi ifanye kazi hiyo kwa mpangilio uleule. Na mlio huo usitumike hata mara moja kumwita akafungiwe bandani moja kwa moja. Akija, apate kwanza kipande, apapaswe kifuani, ndipo aongozwe.

Kwenye nyumba yenu kila mtu atumie ishara zilezile. Kaka akija Krismasi na yake, wajukuu na zao, mtamrudisha Chui nyuma. Zichore kwenye karatasi uzibandike jikoni. Na msirudierudie: ishara moja, subira ya pumzi mbili tatu. Kama hakufanya, hakuelewa au kuna kitu kimemvuta, basi rudini kwenye kitu rahisi alichokipatia jana, apate kipande chake, mfunge kipindi. Mbwa pia hujifunza mahali. Atakuwa hodari barazani na utamkuta hajui kitu karibu na geti, na utadhani anakutania. Mnaanza upya pale, kwa haraka zaidi, hatua kwa hatua. Geti liwe la mwisho kabisa, pengine baada ya miezi miwili, na mgeni wa kwanza awe jirani anayemjua.

Dada wa mazoezi nataka tumheshimu. Hata Chui akija kuwa na utii wa ajabu, siku za mazoezi awe bandani kabla dada hajafika, komeo limefungwa, na geti liwekewe mnyororo ambao mgeni hawezi kuufungua kutoka nje. Ishara ya mkono haichukui nafasi ya komeo. Mpigie, mwombe radhi tena, mweleze mlichobadilisha, na sketi yake mlipe.

Kwa kaka yako, mwambie nimesoma hoja yake na sina dharau nayo. Hofu yake ni ya mtoto aliye mbali anayeona baba anaweza kuanguka. Mwombe miezi mitatu. Ndani ya muda huo, Chui akimuuma mtu, si kumkwaruza, kumuuma, niandikie siku hiyohiyo na tutazungumza tofauti. Lakini mweleze pia kwamba tangu mwezi wa tatu baba yenu anavalishwa, anakatiwa nyama, anajibiwa kabla hajamaliza "ee" yake. Dakika tano za jioni na Chui ni dakika ambazo yeye ndiye anayeagiza na kiumbe mwingine anafuata, bila ninyi kumtafsiria. Mwulize dada wa mazoezi pia. Vidole vya kushoto vinavyokamata punje za mapafu na kuzitoa moja moja vinafanya kazi ya maana, na huenda atapenda mkono wa kulia nao upewe kushika bakuli.

Kwa hiyo kesho nunua mapafu. Jioni, jua likishuka, mtoe baba na kiti chake, mwekee bakuli. Wewe kaa nyuma na kamba, usiseme neno. Kipande cha kwanza Chui asipokichukua, mkono ubaki palepale.